Chumvi ya Kalekwa

Kalekwa hasikii tena ladha ya chumvi. Sheria inataka anayesomea ufamasia ameze kila dawa, moja kwa wiki nzima, ndipo asajiliwe. Digrii yake ya kwanza, ya kemia, haikumpunguzia hata kidonge kimoja.

"Mama Tuse, umemwaga pakiti nzima ya chumvi?" mumewe, Nzowa, alitania, akisukuma sahani ya maharage.

"Kula tu, baba. Dawa zimebaki nne."

"Kesho unaanza ipi?"

"Ya usingizi."

Nzowa aliacha kutafuna. Jumamosi binti yao anaolewa.

"Isogeze mbele, mke wangu."

"Nikiruka wiki au nikibadili mpangilio, naanza upya zote."

Mwezi uliofuata alisajiliwa. Dawa mia mbili na sita zilimchukulia miaka minne, meno mawili, ladha ya chumvi, na harusi ya Tuse, ambayo aliipitisha usingizini.