Mkaguzi na Panya Wanane

Wanyama nao walipoanza kutumia mihuri, Nungunungu aliteuliwa mkaguzi wa mahandaki. Siku moja alitumwa kuipima dari ya handaki jipya la panya, kama itahimili masika.

Bi Pimbi, msimamizi wa pale, akamwambia, "Nakupa panya wawili wa kuruka juu ya dari. Sita wanachimba mfereji wa kuyapisha maji, na wingu lile unaliona."

Nungunungu akachungulia, akahesabu vichwa vinane. "Bi Pimbi, kikomo cha wawili ni cha wafanyakazi. Mimi ni mkaguzi." Akawaita wote wanane.

"Na mfereji je, mzee?" akauliza panya mmoja.

"Mfereji haumo kwenye fomu yangu. Ruka!"

Wakaruka, dari haikutikisika. Kazi ambayo wawili wangeifanya kwa siku nne ikaisha asubuhi moja, naye Nungunungu akagonga muhuri. Kabla wino haujakauka mvua ikashuka, na maji yaliyokosa njia yakaingia handakini. Panya wakatoka mbio, watoto mdomoni.

"Haya, mkaguzi," akasema Bi Pimbi, amelowa chapachapa. "Handaki limefaulu?"

"Dari imefaulu," Nungunungu akajibu kwa sauti ndogo.

Tangu hapo, akifika penye kazi haulizi wapo wangapi. Huuliza amepewa wangapi.