Kaskazini ya Mwalimu Awuor

Mwalimu Awuor alichimba chini, akachimba tena, sakafu ikaisha akatumbukia kwenye lava. Tableti ikamwambia amekufa. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

"Mama, unachimba nini?" Rachael akauliza kwenye simu kutoka Muhoroni.

"Natafuta nyumba yako, nyathina, mwanangu. Si umesema Z ni hasi mia tatu? Nimeshuka."

Rachael akacheka kidogo, akajizuia. Mimba ilikuwa imemsumbua, na daktari alimwamuru asitoke kitandani.

"Humu mchezoni Y ndiyo ya kwenda juu na chini. Z ni kaskazini na kusini. Hasi ni kaskazini."

Lo, mganga hajigangi. Awuor alifundisha watoto wa Kisumu kusoma ramani hadi akastaafu, na wale waliokosea kaskazini aliwasimamisha mbele ya darasa. Leo angejisimamisha mwenyewe, tena kwa mguu mmoja.

Mahali pake palikuwa kando ya binti yake. Alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini kwa mila yao mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kila alipoenda Muhoroni alirudi kabla jua halijatua, hata Simiyu, mume wa Rachael, alipomsihi abaki, amesimama mbali, macho chini. Ndiyo maana Rachael akamwekea mchezo huu wa vitalu, angalau watembeleane humo.

Basi akaanza upya. Akaelekea kaskazini, akagonga mti, akaomba msamaha kwa mti. Jua la mchezoni likaanza kuzama na mazombi wakaanza kunguruma nyuma yake. Kumbe hata mazombi walimjua mgeni. Ndipo akaiona nyumba ya mbao, miwa imeizunguka pande zote.

"Hata humu umepanda miwa?"

"Ingia, Mama. Funga mlango ulale, wasikukute."

Awuor akajitupa kitandani. Giza likapita upesi, kukacha. Akavimba kichwa kama mwanafunzi aliyepata swali moja kati ya kumi.

"Nimefika mwenyewe," akasema. "Na kitanda chako ni kizuri, nyathina."

"Changu kiko ng'ambo ya mto, Mama. Hicho ni cha Simiyu, na nyumba hiyo ni yake. Umeshalala kwa mkweo na paa halijaanguka. Sasa funga nguo zako uje Muhoroni."