Uzito wa Kiti Kitupu

Alikuwa amemwacha mumewe peke yake juu ya mizani, jambo ambalo kitabu cha maelekezo kilikataza kwa herufi nyekundu, na ni yeye mwenyewe aliyewasomea wauguzi wenzake maneno hayo asubuhi ileile. Sasa alikuwa akikimbia kwenye korido, roho mkononi.

Mama mmoja mjamzito alikuwa ameanguka pale mapokezi. Wakamwita, akaenda. Dakika nane tu. Lakini kwa mtu asiyeweza kusogeza hata kidole cha mguu, dakika nane juu ya bamba la chuma ni nyingi. Kiti chake cha magurudumu kikiteleza, nani atamdaka?

Ilikuwa miaka mitatu tangu ngazi imwangushe mumewe. Picha za mgongo hazikuonyesha kitu, ila miguu ilikataa katakata. Miaka mitatu ya kumwogesha, kumvalisha, kumbeba kutoka kitandani hadi kitini, mpaka kiuno chake mwenyewe kikaanza kulia kila akiinama. Na leo, kabla ya saa sita, matroni alitaka jibu: anakwenda chuoni kusomea upasuaji kwa mwaka mmoja, au nafasi apewe mwingine?

“Nenda tu,” mumewe alikuwa amemwambia juzi. “Mimi nitajikaza. Nikifa, mtanizika.”

Basi akaandika barua ya kukataa. Ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne.

Ile mizani ya viti vya magurudumu ilikuwa mpya, na yeye ndiye aliyeifunga. Alitafuta mahali sakafu ilipo sawa, akazungusha miguu ya mizani mpaka kiputo cha pimamaji kikakaa katikati, akaitenga na ukuta, akahakikisha inasoma sifuri. Ilikuwa na tabia ya karani mnoko: kila uzito uliotulia juu yake iliuandika yenyewe, pamoja na saa. Iliandika ndoo ya mfagizi. Iliandika na matroni, aliyepita juu yake kwa bahati mbaya, akaamuru afutwe upesi kabla watu hawajasoma. Walicheka mpaka machozi, kisha muuguzi akafuta orodha yote ili ianze upya na mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mumewe. Daktari alitaka uzito wake kamili kabla ya kumwanzishia dawa mpya.

“Mizani ya nini, mke wangu? Mimi si gunia.”

“Dawa haitolewi kwa kukisia. Tulia.”

Alimpandisha taratibu, akakaza breki zote mbili, akaondoa mkoba uliokuwa ukining’inia nyuma, akaipanga miguu yake mmoja mmoja kwenye vikanyagio kama anayepanga mayai. Ulibaki uzito wa kiti chenyewe, ili autoe kwenye jumla. Kwa hilo ilibidi mume abebwe hadi kitandani, na kazi hiyo ilitaka watu wawili. Alituma aitwe Winchi, mbeba wagonjwa mwenye mabega ya mlango.

“Basi funga hilo dirisha,” mumewe alisema. “Baridi inaniingia mgongoni.”

Kabla hajalifikia, kelele zikasikika mapokezi.

“Usisogee!” alisema akitoka, kisha akaona aibu kwa alichosema.

“Nisogee niende wapi?” mumewe alijibu, na lile tabasamu lake la unyonge likamkata maini kama siku zote.

Sasa alisukuma mlango. Mumewe alikuwa palepale. Mikono mapajani, breki zimekazwa, miguu kwenye vikanyagio vyake.

Alipiga magoti, akaikumbatia ile miguu.

“Nisamehe. Nisamehe, mume wangu.”

“Umeniacha kama mzigo stendi,” mume alisema polepole. “Dakika chache tu hizi. Sasa huo mwaka mzima itakuwaje?”

Alijiona msaliti. Mtu aliyeapa kumtunza kwa shida na raha, naye kutwa nzima anawaza chuo! Alitoa barua mfukoni, akamwekea mkononi.

“Siendi. Nimeshaandika, soma mwenyewe.”

Mume alifumba macho, akampapasa kichwani. “Mungu akubariki. Wanawake kama wewe hawapo tena.”

Winchi aliingia akisugua viganja. “Haya, shemeji yangu, leo nakubeba kama bwana harusi! Lo, mbona joto humu? Nani kafunga dirisha?”

“Mfagizi,” mume alijibu. “Kapita sasa hivi.”

Muuguzi alijifuta machozi, akachukua kalamu na faili, akaenda kwenye kioo cha mizani kunakili ile jumla. Alitarajia mstari mmoja. Ilikuwepo mitatu.

Saa nne na dakika sita, kilo tisini na saba na nusu.

Saa nne na dakika kumi, kilo kumi na tisa.

Saa nne na dakika kumi na moja, kilo tisini na saba na nusu.

Alisoma mara mbili, kalamu ikiwa hewani. Kisha akarudi kwa mumewe, akaichomoa ile barua katika vidole vyake na kuichana vipande vipande.

“Wewe rudi tu, kaka,” alimwambia Winchi. “Uzito wa kiti kitupu tayari tunao.”