Maili Kumi na Mbili

Goti la kulia la Virgil lilikuwa limevimba hadi ngozi inang'aa. Mkulima mmoja wa Kansas alisimamisha pikapu yake kando yetu.

"Pakieni baiskeli. Upepo huu hauna adabu, na mji uko maili kumi na mbili."

Siku thelathini na moja nyuma tulilowesha magurudumu ya nyuma katika Pasifiki, tukaapa kufika Atlantiki kwa kukanyaga pedali tu.

"Tunashukuru, mzee," Virgil akajibu upesi. "Hapa hakuna aliyechoka."

Nikainua baiskeli yangu, nikailaza ndani ya pikapu.

"Mimi nimechoka."

Virgil alinitazama. Asubuhi nzima nilikuwa nikipiga mluzi mbele yake.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, akanikabidhi ya kwake.