Ukurasa wa Sitini na Nne

Mjaribu wa nne naye alishindwa. Alikuwa dereva wa lori, na kwa dakika kumi alizunguka kwenye tovuti ya taasisi ya utafiti wa nyoka kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wenyewe. Alisoma salamu za mkurugenzi, akatazama picha za mkurugenzi akikata utepe, kisha akasalimu amri.

"Mkurugenzi nimemwona mara saba," alisema. "Hospitali sijaiona."

Mbunifu wa tovuti aliandika: walioshindwa, wanne. Swali lilikuwa moja kwa wote. Nyoka amemuuma mtu. Tafuta hospitali ya karibu yenye dawa ya sumu. Orodha ilikuwemo, ila ilizikwa ndani ya ripoti ya mwaka, ukurasa wa sitini na nne. Yeye alitaka iwekwe mbele kabisa. Alikuwa amelisema hilo miezi minane, na mkurugenzi, aliyeketi nyuma yake mikono kifuani, alikuwa ametoa sharti: wajaribu watano, na akifaulu hata mmoja, tovuti inabaki ilivyo.

Wa tano alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Aliona tangazo la kutafuta wajaribu, akaja mwenyewe.

"Usiwe na wasiwasi, dada," mbunifu alimwambia. "Tunaipima tovuti, sio wewe."

"Sina wasiwasi."

Hakusoma salamu. Hakutazama picha. Alibofya Machapisho, akashuka hadi chini, akafungua ripoti ya mwaka, akaandika 64. Sekunde ishirini na moja.

"Hospitali ya tatu muiondoe," aliongeza, macho kwenye skrini. "Simu yao haipokelewi."

Mkurugenzi alicheka hadi kiti kikalialia. "Unaona, binti yangu? Tovuti haina kasoro. Kasoro ni uvivu wa kutafuta. Mama huyu ningemwajiri leo leo." Akampa fundi mkono, akaenda zake.

Mbunifu alifunga daftari. Kazi ya miezi minane ilikuwa imeota mbawa, na aliyeirusha alikuwa bado ameketi pale, akiikunja futi yake taratibu, akiikunjua, akiikunja tena.

"Kwa hiyo haibadilishwi?" fundi aliuliza.

"Si umemsikia mwenyewe? Umeipata upesi mno, dada." Mbunifu alijitahidi sauti yake isiwe na lawama. "Nani alikufundisha njia?"

Fundi aliitazama orodha.

"Hakuna. Mara ya kwanza nilitumia saa tatu," alisema. "Nilipoanza kutafuta, mwanangu alikuwa bado anaongea."