Gari la Fisi Lenye Maneno

Fisi alipata gari kutoka ng'ambo, akasema atampeleka mama mkwe wake harusini awaonyeshe watu. Viti bado vilikuwa na nailoni, na gari lenyewe lilikuwa likizungumza kigeni kwa sauti tamu ya kike.

"Linanisalimu," Fisi aliwaambia majirani. "Hebu la Ngiri lisalimu tusikie!"

Ngiri, aliyekuwa akiunda magari papo hapo kijijini, aliendelea kukaza nati. Gari lake halikusalimu.

Mama mkwe akapanda nyuma. "Usibamize mlango, mama," Fisi akasema. "Hili si la Ngiri." Mama akausukuma kwa kidole.

Njia nzima gari lilisema bila kupumua, na Fisi akaitikia, "Marahaba! Marahaba!" Nyuma hakugeuka kamwe, maana mkwe hakodolewi macho.

Harusini alimkuta Korongo, ndege anayekwenda ng'ambo kila mwaka. "Hebu watafsirie hawa jinsi gari linavyoniheshimu."

Korongo akasikiliza. "Linasema mlango wa nyuma uko wazi."

Fisi akasahau adabu, akageuka. Kitini ilibaki nailoni tupu.

Mara gari la Ngiri likaingia likikohoa moshi, na ndani yake mama mkwe, vumbi hadi masikioni.

"Shikamoo, mama!" Fisi akalia. "Mbona ulipoanguka hukuniita?"

"Nilikuita, mwanangu, nikakuita tena," akasema mama mkwe. "Ukaniitikia marahaba."