Vitumbua vya Shakwe

Jumatano ya tarehe tisa, saa mbili asubuhi, kivuko kilizimika injini katikati ya mkondo, na Bi Mwanaidi akakata roho humo, hospitali ikionekana ng'ambo. Wakubwa walisema ni kudra, kana kwamba kudra ndiyo hubadilisha oili.

Leo ni arobaini yake. Mumewe, Mzee Faki, amepanda kivuko kilekile na vitumbua vya sadaka, anawamegea shakwe aliowapenda marehemu. Wageni wa likizo wanapiga picha.

"Mzee, kulisha ndege marufuku. Wanachafua kivuko," akasema afisa wa zamu.

"Kinyesi cha ndege mnakiona, injini mbovu hamkuiona."

"Injini si kazi yangu, baba."

Mzee Faki akarusha kitumbua kizima. Shakwe wakakigombania juu ya kofia ya afisa.

"Basi ni kazi ya nani, mwanangu?"